Gari Lisilobeba Bunduki

Mudzipela, Bunia
Jumapili, 3 Machi 2002

Nimeolewa! Naliandika neno hili ili nilione kwa macho. Mimi Godelive ni mke wa Josaphat, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mikono yenye makovu ya cheche na sauti inayonifanya nisahau nilichotaka kusema. Asubuhi nikiamka namkuta ananitazama, nami najifanya bado nimelala ili aendelee.

Kwa ukoo wao bibi-arusi hatoki nje ya uzio mpaka mama mkwe amtoe kwa mkono wake. Hapiki, hachoti maji, anakunywa maziwa na kunenepa. Ila kwetu maziwa hakuna, na ya kununua hatuna pesa. Ng'ombe wote waliporwa mwaka jana, zizi liko tupu nyuma ya nyumba. Basi nakunywa chai ya rangi na kunenepa kwa mapenzi.

Leo Josaphat amenifunulia ndoto yake. Vijana wa Bunia wameapa kwamba, vita au si vita, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano watashindana kwa magari: kutoka sokoni, kwa boulevard, ile barabara kuu, mpaka njia ya kiwanja cha ndege, na kurudi. Gari liwe la kawaida, la mtu wa kawaida, na injini yake ileile ya kiwandani. Kila gari liwe na watu wawili, dereva na msukumaji, kwa maana bila msukumaji hakuna gari linalopita matope ya Bunia mwezi wa tano.

"Wanasema tuna wazimu," aliniambia.

"Na weye unasema nini?"

"Ninasema wao walianza. Wazimu wetu hauue mutu."

Nimemwoa mwanaume wa kweli. (Najua, ni yeye aliyenioa. Lakini leo najisikia kwamba ni mimi.)

Jumapili, 10 Machi

Wamekaa barazani kuchagua gari, yeye na Ephraïm. Ephraïm ni makanika, rafiki yake tangu shule ya msingi. Kwao ni Djugu, na siku hizi watu wetu na watu wake hawasalimiani. Wao wawili hawajasikia habari hiyo. Mimi nilikuwa mlangoni, kitambaa cha bibi-arusi kichwani.

"Hilux iko gari muzuri," alisema Ephraïm. "Lakini ukiiwasha asubuhi, mangaribi iko na bunduki mugongoni, na weye uko chini yake unatengeneza freni ya watu."

"Peugeot 504?"

"Ya pickup inabeba askari. Ya taksi inabeba wakubwa wa askari."

"Starlet basi."

"Ile kila mutu anaipenda. Kitu kila mutu anapenda, siku hizi hakina mwenyewe."

Sikuweza kunyamaza. Nikasema, "Si mutafute gari ambayo mutu wa bunduki hawezi kuitaka?"

Walinigeukia wote wawili. Kisha wakasema pamoja, kama watoto wa darasani: "Kosineli!"

Ni ile Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe. Iko moja kwa jirani yetu, muzee Étienne. Mdogo wake aliyekuwa mnunuzi wa kahawa aliiacha alipokimbia. Kuku wanalala ndani yake. Ephraïm aliisifu mpaka akasimama: injini iko nyuma, uzito unakaa juu ya magurudumu yanayovuta, kwa hiyo matopeni inang'ata. Injini inapozwa na upepo, hakuna maji ya kuchemka. Na juu yake hakuna mahali pa kusimamisha bunduki. "Labda wamubebe askari mumoja, na magoti yake mudomoni," alisema.

Muzee Étienne hataki pesa. Anataka viti vya kukalia wageni. Sisi tunavyo, tulipewa siku ya arusi. Nilisema ndiyo kabla Josaphat hajamaliza kuuliza.

Jumamosi, 16 Machi

Kosineli imefika ikivutwa kwa kamba. Mama Rébecca, mama mkwe wangu, aliizunguka, akafungua mlango, akatoa mayai matatu.

"Mumetoa viti," alisema, "mumeleta kiota."

Hakunitazama mchana wote. Ni mwanamke mkavu. Namwogopa.

Jumapili, 17 Machi

Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Josaphat alinibusu akiwa na grisi usoni. Nimekataa kunawa.

Jumapili, 24 Machi

Wanaivua gari kama anavyovuliwa mtu aliyerudi shambani na matope. Viti vya nyuma vimetoka, bampa zimetoka, hata zulia lililooza. Sheria inakataza kuongeza kitu kisicho cha kosineli, lakini kupunguza hakukatazwi. Josaphat amechomelea sakafu iliyokuwa imetobolewa na kutu na mbolea ya kuku.

Kila jioni wanang'oa tairi. Bunia nzima inafanya hivyo: gari lisilo na miguu halichukuliwi na askari. Za kwetu zinalala chini ya kitanda chetu, zote nne, kitanda kimepanda juu yake. Mwanamke gani mwingine duniani amelala mwezi wa asali juu ya tairi? Nikisikia milio ya risasi upande wa Saio, nanyoosha mkono chini naigusa moja, nasema moyoni: hamtaipata.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Injini imewaka! Ephraïm alilia. Josaphat alinibeba mbele ya mama yake. Mama alikohoa.

Jumapili, 7 Aprili

Lazima niandike ukweli hata kama unauma. Leo Josaphat aliijaribu gari kwenye njia ya mbele yetu. Mimi nilikodoa macho kupitia uzio. Ilianza vizuri, moyo wangu ukaruka. Kisha bata akavuka. Josaphat akasimama. Akamngoja. Bata alikuwa na watoto, akawangoja na watoto. Halafu akamsalimia mama mmoja mwenye mzigo na kumwachia njia. Kisha dimbwi: alishuka kulipima kwa fimbo.

Mume wangu anajenga gari kama malaika na anaendesha kama mtu aliyebeba maiti.

Alirudi akitabasamu. "Umeona?"

"Nimeona," nilisema, nikamkumbatia kwa nguvu. Sijui kama naweza kumpenda mtu zaidi ya hivi. Lakini kushinda, hatashinda.

Jumanne, 9 Aprili

Mama alikwenda sokoni. Nilimwomba Josaphat aingize kosineli zizini.

"Unataka nini?"

"Ingiza tu, bwana wangu."

Sikuwa nimemwambia. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kule Bambu, kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuwa na mtoto wa kiume, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu. Nilikanyaga klachi badala yake kabla sijafika darasa la mwisho la msingi, na nilipoanza sekondari niliendesha peke yangu, yeye akilala pembeni.

Zizi ni pana, na matope yake ni ya ng'ombe wa miaka mingi, yanateleza kuliko sabuni. Nilizunguka mara ya kwanza polepole, ya pili nikaacha mkia wa gari ucheze. Mbele palikuwa pepesi mno, usukani ulielea. Niliposimama, Josaphat alikuwa ameshika kichwa.

"Godelive. Nani alikufundisha?"

"Mbele haishiki njia," nilimjibu. "Mumetoa uzito wote. Tuweke gunia ya unga ya muhogo mule mbele."

"Sheria inasema..."

"Sheria inakataza mutu kubeba chakula chake?"

Alicheka mpaka akakaa matopeni. Oh, namna anavyocheka!

Jumatano, 10 Aprili

Mama ameona alama za magurudumu zizini. Zizi la ng'ombe wake. Alizifuata hatua kwa hatua, akaingia ndani bila kunisalimia.

Alhamisi, 11 Aprili

Katikati ya zizi kulikuwa na nguzo ambayo Mama alikuwa akifungia ng'ombe wa kukamuliwa. Nilikuwa naikwepa kila nikizunguka. Leo asubuhi haipo. Mama ameing'oa mwenyewe kwa jembe, ameigeuza kuni.

Nilitaka kumshukuru. "Ilikuwa imeoza," alisema.

Haikuwa imeoza.

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika haraka, nivumiliwe.

Jana risasi zilianza alfajiri, si mbali kama kawaida, hapahapa Mudzipela. Vijana wa upande wetu walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba, wakitafuta watu wa upande wa pili. Ephraïm aliruka uzio wetu wa nyuma, miguu mitupu. Josaphat alisimama katikati ya nyumba bila kujua la kufanya. Aliyejua ni Mama. Alimshika Ephraïm shingoni kama mbuzi, akamsukuma chumbani kwangu, chini ya kitanda, kati ya tairi. Mimi akanilaza juu, akanifunika kitambaa mpaka usoni. Ephraïm alikuwa akipumua chini yangu. Nilihisi godoro likisogea.

Wakafika mlangoni.

"Mama, tunapita kuangalia."

"Pitieni. Jikoni, choo, zizi. Kile chumba hapana."

"Kiko nini?"

"Bibi-arusi. Sijamutoa. Mwanaume wa inje anayemukuta ndani, mama yake alie. Weye uko mutoto wa nani? Sema jina ya mama yako, nijue nitamupelekea nani habari."

Mmoja akacheka kidogo kwa aibu, na miguu ikaondoka.

Usiku Ephraïm amekwenda kwa mjomba wake kule Marabo, mama yake ameshatangulia. Kabla ya kutoka alipiga magoti mbele ya Mama. Yeye akamwambia, "Simama. Na zile valvu, ulizifunga muzuri, ama tutasumbuka?"

"Nilizifunga, Mama."

"Basi enda."

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Chini ya kitanda zimebaki tairi tu.

Jumapili, 5 Mei

Amekuja Komanda Jérôme. Bunia ina makomanda wengi kuliko walimu; huyu ana pickup mbili na miwani ya jua ambayo haivui hata mvuani. Zamani alichunga ng'ombe pamoja na binamu za Josaphat. Mama yake bado anauza maziwa mbele ya kanisa.

Aliipiga kosineli teke. "Iko sanduku ya sardini," alisema, na askari wake wakacheka. "Gari yenu siitake. Ninataka shofere. Shofere wangu muzuri alikufa. Kwa hiyo ile kurse yenu ya magari nimeibariki. Anayetangulia, ananiendesha."

"Kuenda wapi, Komanda?" aliuliza Josaphat.

"Barabara ya Marabo. Iko kazi kule."

Marabo ndiko alikokimbilia Ephraïm.

"Na mutu akikataa kushindana?"

"Huyo ninamuchukua bila kurse. Na nimesikia gari yako inakimbia zaidi ya zote. Ikichelewa, nitajua unanichezea. Nitakuchukua hivyo hivyo." Alimpiga begani kirafiki. "Unaona, ndugu yangu? Uko shofere wangu tayari."

Alipoondoka Josaphat alikaa kwenye tairi. "Nikimwendesha," alisema, "nitamufikisha mpaka kwa mulango ya mama ya Ephraïm. Sitafanya, Godelive. Waniue hapa."

Nilimwambia hatakufa. Nilimwambia nimemngoja maisha yangu yote na sitamtoa kwa mtu anayevaa miwani mvuani. Nilisema kwa sauti kubwa, uzio wote usikie.

Jumapili, 12 Mei

Madereva wengine watatu wamekuja: Fiston mwenye Starlet, Michel wa Corolla, na Donatien wa Peugeot. Walikaa chini, kwa kuwa viti hatuna. Kila mmoja anaomba kuwa wa pili.

"Mimi nitazimisha moteri kwa kona," alisema Fiston.

"Kona yangu ile," alisema Michel. "Tafuta yako."

"Siye wote tukizimisha, nani anatangulia?"

"Josaphat."

"Muniachie mimi nife, ndiyo?" alisema Josaphat, na ajabu, walicheka wote, naye pia. Miezi miwili iliyopita vijana hawa walikuwa wakitukanana juu ya nani ana mbio zaidi.

Jumamosi, 25 Mei

Mama ameingia chumbani bila kubisha. Amekaa kando yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu niolewe.

"Kesho ninakutoa inje," alisema.

"Kesho? Lakini kesho iko kurse, Mama."

"Ndiyo. Utaendesha. Mimi nitasukuma."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, akitazama ukuta: "Siku bibi-arusi anatoka, mutu wa kwanza wa inje anayemusalimia anamupa kitu. Si kitu anachotaka yeye. Kitu bibi-arusi anaomba kwa mudomo wake. Akikataa mbele ya watu, mama yake hatazikwa na watu wa ukoo. Jérôme anajua. Mama yake anajua zaidi."

"Na asiponisalimia?"

"Ule mutoto anapenda kusalimia washindi."

"Na akinichukua mimi?"

Mama alinishika mkono. Mkono wake si mkavu hata kidogo. "Basi anichukue na mimi. Nitamupikia chumvi tupu mpaka afe."

Josaphat alipinga, akasema ni yeye atakayekwenda. Mama alimwambia: "Weye uliijenga. Inatosha. Unangojea bata."

Kumbe naye aliona!

Jumapili, 26 Mei

Asubuhi Mama alinipaka siagi usoni na mikononi, akanivalisha kitenge kipya na kitambaa cha kichwani kilichoshuka mpaka puani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilitoka nje ya uzio kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, nikiwa nyuma ya usukani.

Tuliingia kwenye mstari tukiwa wa mwisho, vioo vya milango vikiwa vimepakwa matope makusudi, asinisalimie mtu kabla ya Jérôme. Kelele za watu zilikuwa nyingi. Sikujua kama Bunia bado ina watu wengi hivyo, na wote wanacheka. Wengine walipanda juu ya kuta zenye matundu ya risasi.

Bendera ilishuka. Nilisahau vita, Mungu anisamehe. Nilikanyaga, mkia wa kosineli ukazama, ukang'ata, tukatoka! Boulevard ilikuwa mto mwekundu. Gunia la muhogo lilishika mbele, usukani ukatii. Fiston alizima injini kwenye kona, kama alivyosema. Michel alizima pale pale. Donatien alikuwa amefungua kofia ya injini na kuitazama kwa huzuni kubwa. Mama alikuwa ameshika mlango, akipiga kelele, "Kulia! Kulia, mutoto wangu! Ach, ule mbuzi, usijali, atakimbia!" Na mbuzi alikimbia.

Penye mgeuko wa kiwanja cha ndege tulikwama. Mama alishuka, akakunja kitenge, akaweka bega. Nilimwona kwenye kioo, matope mpaka kwenye nyusi, akisukuma na kuwatukana waliobuni mvua. Tulitoka. Alirukia ndani gari likiwa linakwenda, mwanamke wa miaka ile!

Tulifika sokoni peke yetu. Nyuma yetu hakukuwa na hata gari moja.

Komanda Jérôme alikuja mbio, mikono imefunguliwa, akavuta mlango wangu mbele ya watu wote.

"Jambo, shofere wangu! Jambo sana!"

Nikainua kitambaa.

Mama alikuwa tayari ameshuka. Sauti ile sikujua anayo. "Amemusalimia! Mumesikia? Bibi-arusi wangu ametoka leo, na wa kwanza kumusalimia ni Komanda!"

Akina mama wa soko hawakuhitaji kuelezwa. Vigelegele vilipanda kutoka kila upande. Vilipotulia, akina mama walisogea pembeni, na nilimwona mwanamke mzee mwenye chupa za maziwa, amesimama, anamtazama mwanawe. Jérôme alivua miwani. Macho yake ni ya kawaida tu, yamechoka.

"Omba," alisema kwa sauti ndogo.

Nikasema: "Ninaomba mume wangu. Na Fiston, na Michel, na Donatien. Hakuna atakayekuendesha, leo wala kesho. Ukitaka kufika Marabo, tembea kwa miguu."

Watu walikata pumzi. Nilijua kwamba kwa sentensi ya mwisho nimevuka mpaka, na sikuifuta. Josaphat alikuwa amefika, amesimama karibu yangu, amenishika kiunoni mbele ya bunduki zote zile.

Jérôme alimtazama mama yake. Kisha mimi. "Nimekupa hao," alisema. Akavaa miwani. "Lakini gari hukuiomba."

Kweli. Sikuiomba.

Aliamuru askari wake mmoja aingie. Kosineli ilitambaa kidogo kando ya mashimo ya boulevard, ikazama mpaka tumboni. Injini ililia. Askari alichungulia dirishani: "Sukumeni!"

Watu walikuwa mamia. Kila mmoja alikunja mikono. Si mtoto, si mzee, hakuna aliyesogea. Akina mama walimtazama kama wanavyotazama mvua. Jérôme alipiga risasi moja hewani, na bado. Mwishowe aliwaamuru askari wake wasukume, wakateleza wakaanguka mmoja juu ya mwingine, na mahali fulani nyuma mtu akacheka. Kicheko kilienea soko zima. Walipanda pickup zao wakaondoka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi watatu, mvua ikituosha. Sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa njiani leo.

Jumatatu, 27 Mei

Kosineli imelala pale pale usiku kucha. Hakuna aliyeigusa, wanasema Jérôme ameacha neno kwamba atakayeitoa atamkumbuka.

"Tuiache," alisema Josaphat asubuhi. "Nitajenga ingine."

"Utajenga ingine," nilimwambia. "Hii tunaileta nyumbani."

Nimekwenda mchana, watu wote wakiona, sikujifunika uso. Niliingia ndani, maji yalikuwa yamefika kwenye klachi. Josaphat aliweka bega nyuma upande wa kushoto, Mama upande wa kulia. Haikusogea. Walijaribu tena. Nilimsikia Mama akihema.

Kisha mwanga wa dirisha la nyuma ukazibwa. Niligeuka, sikuona anga, niliona vifua na vitenge na viganja vilivyobandikwa kwenye kioo, na sauti moja ikasema, "Moja, mbili..."

Gari lilianza kwenda, na injini nilikuwa bado sijaiwasha.